Kabla hujakata bima ya pikipiki mpya, sema ukweli itafanya kazi gani

Niliponunua pikipiki yangu ya kwanza, mwaka 2019, muuzaji pale mjini aliniambia, "Mama, hapa unaondoka na kila kitu. Kadi ipo, pleti ipo, bima ipo." Nikafurahi. Zile zilikuwa fedha za mgao wa kikoba, mwaka mzima wa kununua hisa kila Jumamosi, na sikutaka kusikia kwamba kuna kingine cha kulipia. Kijana wa jirani yangu hapa Buswelu, Mwanza, niliyemwona akikua, akaanza kupakia abiria kijiwe cha Buzuruga na kuniletea hesabu kila jioni.

Haikumaliza mwaka. Usiku mmoja, kama saa tatu hivi, abiria alimwomba ampeleke Kishiri. Walipofika penye giza, wenzake wawili walikuwa wanasubiri. Kijana alirudi kwa miguu, mdomo umepasuka. Namshukuru Mungu alirudi. Pikipiki haijaonekana mpaka leo.

Tulitoa taarifa polisi, nikachukua karatasi zangu zote hadi kwa wakala aliyeandikwa kwenye hati. Akasoma mstari mmoja tu, akaniambia kwa upole, "Mama, hii ni bima ndogo. Haihusiki na wizi." Nilikaa kwenye kile kiti muda mrefu. Nilikuwa naamini bima ni bima.

Naandika haya kwa sababu kila wiki naona wadogo zangu wakitoka madukani na pikipiki zenye nailoni bado kwenye siti, wakiwa na imani ileile niliyokuwa nayo.

Bima ndogo ndiyo ambayo sheria inamtaka kila mwenye chombo cha moto awe nayo. Tunaiita ya mtu wa tatu: wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni, wa tatu ni yule uliyemgonga au uliyemharibia mali. Inamlinda yeye, na inakulinda wewe usidaiwe fidia usiyoiweza. Pikipiki yako ikiibwa, ikiungua, ikiingia mtaroni kwenye mteremko wa Bugando wakati wa mvua, hupati kitu. Bima kubwa inaongeza ulinzi wa pikipiki yenyewe. Katikati kuna aina nyingine, ambayo wauzaji wengi hawaitaji mpaka uulize: ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Bei yake huwa chini ya bima kubwa, na kwa mtu ambaye hofu yake kubwa ni kuibiwa, ni ya kufikiriwa sana.

Lakini kuna jambo lililoniumiza kuliko hata aina ya bima. Wakala alinionyesha sehemu ya matumizi. Iliandikwa "binafsi". Aliyejaza karatasi dukani aliandika hivyo, nadhani ili bei iwe ndogo, na mimi nikatia saini bila kusoma. Kumbe miezi yote ile kijana alikuwa akibeba abiria wa kulipa, mama wajawazito, wanafunzi, kwa bima ambayo haikuandikwa kwa kazi hiyo. Kama abiria angevunjika mguu, kampuni ingeweza kukataa, au ingemlipa aliyeumia halafu ikanigeukia mimi kudai fedha zake. Nilipoelewa hilo, wizi ukawa mdogo moyoni mwangu.

Kwa hiyo ukinisikiliza kwa jambo moja tu, liwe hili: kabla ya kuuliza bei, eleza ukweli wote wa kazi ya pikipiki. Itabeba abiria? Itabeba mizigo, madumu ya maji, matenga ya dagaa kutoka Mwaloni? Ataendesha nani? Ana leseni ya daraja la pikipiki iliyo hai? Kama ni biashara, basi leseni ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, pia iwepo. Ukificha, unanunua karatasi.

Na kwenye hili la nani anaendesha, wenzangu wenye pikipiki za mkataba wasome polepole. Mkataba wetu wa kijiweni unafahamika: kijana analeta hesabu kwa wiki mpaka deni liishe, kisha pikipiki inakuwa yake. Ila kipindi chote hicho kadi ina jina la mwenye mali, na bima inafuata jina hilo. Deni likiisha mkabidhiane kadi na mkabadilishe umiliki TRA, mamlaka ya mapato, kisha kampuni ya bima iarifiwe. Nimeona watu wakikabidhiana funguo kwa kupeana mkono tu. Siku ya ajali anayedai si aliyeandikwa, na aliyeandikwa hana tena mali.

Tena uliza kuhusu wizi wa aliyekabidhiwa. Kwenye hati niliyoisoma safari ya pili, kipengele kilisema wazi kwamba mtu uliyempa chombo kwa hiari akitoroka nacho, huo si wizi wanaoulipa. Mlangoni kwangu nilikuwa na kijana mwaminifu, lakini si kila mtu ana bahati hiyo. Uliza pia kuhusu funguo. Vijana wengi vijiweni huacha funguo kwenye pikipiki wakienda kunywa chai. Kampuni inaweza kukwambia hukuchukua tahadhari. Na mishikaki: ukipakia abiria wawili umevunja sheria ya barabarani na umempa mkaguzi wa madai sababu ya kukukatalia.

Bei sitaizungumzia sana, maana kila kampuni ina yake. Jua tu namna ya kuipiga hesabu. Bima kubwa hutozwa kwa asilimia ya thamani. Tuseme umeambiwa asilimia 5 na pikipiki ni ya shilingi 3,000,000: hiyo ni 150,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 177,000. Usishushe thamani ili ulipe kidogo, kwa sababu fidia nayo itashuka kwa uwiano uleule. Na mwaka unaofuata usiache thamani ya dukani, maana pikipiki ikipotea wanalipa thamani yake ya sokoni siku hiyo, siyo uliyonunulia. Halafu uliza kiasi utakachobeba mwenyewe kwa kila dai, ambacho mawakala hukiita eksesi. Bima ya bei rahisi yenye eksesi kubwa haikusaidii kwa taa iliyovunjika wala tangi lililobonyea, na hayo ndiyo madai ya kila siku.

Sisi wa kandokando ya ziwa tuna swali letu la ziada. Pikipiki zetu hupanda vivuko kwenda Ukerewe na kwingine, na visiwani nyingine hupandishwa kwenye mitumbwi. Hati nyingi za bima kubwa zinataja usafirishaji kwa barabara, reli na maji ya ndani ya nchi. Mtumbwi wa mbao uliojaa mahindi ni mazungumzo mengine. Omba jibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ulitunze.

Ukishalipa, hakiki. Stika siku hizi ni za kielektroniki, na TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ina mfumo wa TIRA-MIS ambapo unaingiza namba ya usajili unaona kama bima yako ipo kweli, ya kampuni gani, inaisha lini. Fanya hivyo ukiwa bado mbele ya wakala. Fedha pia zilipwe kwa namba ya malipo rasmi, si mfukoni mwa mtu, kwani bima isiyolipiwa haipo hata kama umepewa karatasi. Kampuni ikikukatalia dai unaloona ni halali, usiishie kulia nyumbani kama mimi. Kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa kwa ajili ya watu wa kawaida, huhitaji wakili.

Pikipiki ya pili nimeinunua mwaka huu. Safari hii muuzaji aliposema bima ipo, nilimwomba aitoe kwenye bei, nikaenda mwenyewe kwa kampuni mbili nikiwa na kijana na leseni yake. Tulisoma hati pale pale, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikiuliza. Ilituchukua karibu saa mbili. Tumekata bima kubwa, matumizi yameandikwa "kubeba abiria", jina lake limo kama mwendeshaji. Nakala moja iko kwenye mfuko wa nailoni chini ya siti pamoja na namba ya simu ya madai, nyingine iko kabatini kwangu. Tarehe ya kuisha nimeizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni, na nyingine wiki mbili kabla yake, ili hesabu za wiki hizo mbili ziende kwenye bima.