Wasichana waanze peke yao

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka Walukuba, Jinja. Ujumbe wako tumeusoma, mimi na mama yako. Umesema mwalimu mkuu amekukabidhi klabu ya roboti hapo shuleni Tororo, wavulana wamejaa, wasichana ni wachache na wanakaa nyuma. Unauliza uwape timu yao wenyewe, au uwachanganye na wavulana tangu mwanzo, kwa kuwa hata kazini watawakuta.

Waanze peke yao, muhula mzima. Baadaye wachanganye, lakini kwa masharti.

Gereji nimefundisha vijana wengi, na nimeliona hili kwa macho yangu. Msichana akija kujifunza kazi, hupewa kuosha vipuri, kuandika risiti na kushika tochi. Si kwamba kuna aliyekaa akapanga kumdhulumu. Kijana wa kiume ameshazoea kunyoosha mkono na kuchukua spana, wala hakuna anayemzuia. Kwenye roboti mambo ni hayohayo. Mmoja anakalia kompyuta, mwingine anashika bisibisi, na binti anaambiwa, "Wewe una mwandiko mzuri, tuandikie daftari la timu." Muhula ukiisha anaweza kuwaeleza wageni kila sehemu ya roboti, na hajawahi kufungua hata skrubu moja.

Ujasiri ninaoujua mimi hauji kwa kusifiwa. Chukua roboti ndogo ya magurudumu mawili. Umeiandikia programu iende mbele mita mbili, yenyewe inapinda kushoto. Mota mbili za aina moja, zilizotoka boksi moja, hazizunguki sawasawa hata zikipewa umeme uleule: moja ina msuguano zaidi, au gurudumu limekaza, au roboti imeelemewa upande mmoja. Mwache binti akae na tatizo hilo. Apime, alegeze gurudumu, afunge kihisi cha kuhesabu mizunguko, aandike programu upya ili upande unaotangulia uungoje mwenzake. Siku itakaponyooka, atakuwa amepata kitu ambacho hotuba zetu zote haziwezi kumpa. Darasani akikosea, wenzake wanacheka. Roboti ikikataa haimcheki mtu, kosa linabaki palepale mpaka alione. Wasichana wetu wanahitaji mahali pa kukosea bila kuchekwa kuliko wanavyohitaji kombe, na ndiyo maana nasema wapewe muhula huo wa peke yao.

Unawakumbuka wale wasichana wa Herat, Afghanistan? Mwaka 2017 walialikwa Washington kwenye mashindano ya roboti ya FIRST Global, wakanyimwa viza mara mbili, mwishowe wakaruhusiwa, wakarudi na medali ya fedha ya ujasiri. Watu wengi husimulia hadithi yao hadi hapo. Mimi kilichonigusa ni cha mwaka 2020. Korona ilipoingia, wasichana wa timu hiyo walikaa wakatengeneza mashine ya bei nafuu ya kumsaidia mgonjwa kupumua, wakitumia vipuri vya Toyota Corolla na mnyororo wa pikipiki ya Honda. Mtu aliyepewa kuandika daftari tu hawezi kufika huko. Hiyo ni mikono iliyokwisha kufungua vitu.

Mama yako anataka nikuandikie pia habari ya masomo ya mbele. Mwaka 1990 serikali ya Uganda ilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 wanapoomba kuingia chuo kikuu cha umma, na mabinti wengi walipita mlango huo. Mimi naiunga mkono kabisa. Ila pointi hiyo inamkuta msichana mwisho wa kidato cha sita. Uamuzi wenyewe ameshaufanya baada ya kidato cha nne, alipochagua masomo. Akiiacha fizikia hapo, uhandisi umeshampita, hata aongezewe pointi ngapi. Winnie Byanyima hangekuwa mhandisi wa ndege, mwanamke wa kwanza wa Uganda katika kazi hiyo, kama angeziacha hesabu njiani. Kwa hiyo klabu yako ijaze kidato cha kwanza na cha pili, na tafadhali usiwachuje kwa alama za hisabati. Anayeogopa hisabati ndiye hasa unayemtaka.

Saa za mazoezi nazo zitazame sana. Mkikutana jioni utawapoteza. Wavulana watabaki, wasichana watakimbilia nyumbani kuteka maji, kupika na kubeba wadogo zao, na giza likiingia hakuna mzazi atakayekuelewa. Kutaneni mchana wakati wa chakula, na Jumamosi asubuhi. Mzazi akisita, mwite aje amwone binti yake akiwa kazini.

Ukiwachanganya, bandika zamu ukutani: wiki hii nani anaandika programu, nani anafunga mota, nani anaandika daftari, na kila wiki wabadilishane, wavulana pia. Mashindano mengi ya roboti ya shirika la FIRST hucheza raundi ya dakika mbili na nusu, basi kila mtoto aonje kuiendesha roboti katika dakika hizo huku watu wanatazama. Nahodha wa kwanza awe msichana aliyepita muhula ule wa peke yao. Wavulana watanung'unika kidogo. Usirudi nyuma.

Kuhusu vifaa, usikae kungoja shule inunue. Printa iliyokufa ina mota nzuri ndani, na mashine ya DVD ina mota ndogo pamoja na gia zake. Zungukia maofisi hapo mjini uombe mabovu yao, na wasichana wayafungue wenyewe, maana kufungua ni somo la kwanza. Watafute pia shirika la Fundi Bots, wamekuwa wakifundisha roboti katika shule zetu tangu 2011. Mimi nimekusanya mota, nyaya na bisibisi za ukubwa mbalimbali, nitampa dereva wa taksi akuletee Ijumaa. Betri ya pikipiki inafuata nikishaipima. Watoto wasiiguse mpaka uwaonyeshe jinsi ya kufunga fyuzi.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama kikohozi kimepona.

Baba yako