Mkate wa kahawia si lazima uwe wa nafaka nzima

Hapana dada, umeuliza kama kila mkate wa kahawia ni wa nafaka nzima: rangi peke yake haitoshi. Niliwahi kufanya kazi kwenye tanuri la mikate hapa Kampala: kijiko cha karameli (sukari iliyounguzwa ya kutia rangi) kwenye kinyunga cha unga mweupe, na mkate ukatoka "wa afya", bei juu. Geuza pakiti usome viungo, maana huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Cha kwanza kiwe unga wa ngano nzima, yaani ngano iliyosagwa pamoja na pumba na kiini chake. Tofauti kubwa iko kwenye nyuzinyuzi: gramu 100 za mkate mweupe zina kama gramu 2 au 3, wa ngano nzima 6 au 7. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau 25 kwa siku, mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate 15.

Mweupe nao si sumu, unga wake huongezwa madini ya chuma na vitamini. Ila kama bei ya huo mwingine inakuumiza, uji wa ulezi au kalo (ugali wa ulezi) ni nafaka nzima vilevile, mradi ulezi haukukobolewa.