Kasha la kompyuta huanzia mgongoni, wadogo zangu

Picha inafanana kila mara. Sanduku la plaiwudi limepigwa msasa hadi linateleza, vanishi mikono mitatu, kona zimekaa vizuri kabisa, na ndani yake mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, imelala kiupande kwa sababu haiingii. Mwenyewe anauliza atanue wapi. Hutanui popote, mdogo wangu. Unaanza upya, na safari hii unaanza upande mwingine.

Maneno haya ni ya wale ambao mazabodi wanaijua, kuunga pawasaplai inayogawa umeme wanajua, kipoza cha prosesa wamekibandika mara nyingi, ila sasa wameshika msumeno. Nachukulia una msumeno wa chuma, keekee au drili ya mkono, tupa bapa na tupa nusu duara, skwea, senta panchi, klampu mbili na msasa. Hivyo vinatosha kabisa. Kinachopungua huwa ni mpangilio.

1. Sanduku likatwe mwisho. Sanduku ni nguo, na nguo hushonwa baada ya mtu kupimwa. Kwanza trei inayobeba mazabodi, pili mgongo wa nyuma, tatu kadi ya grafiki ikae mahali pake, nne pawasaplai na feni. Vikishasimama vyote mezani bila ukuta hata mmoja, chukua rula upime nafasi vinayochukua, kisha ndiyo uende kwenye plaiwudi.

2. Vipimo visikisiwe kwa macho. Mazabodi huja kwa saizi za kawaida: ATX ni mm 305 kwa 244, microATX ni mm 244 kwa 244, Mini-ITX ni mm 170 kwa 170. Pawasaplai ya ATX ina upana wa mm 150 na kimo cha mm 86. Urefu wake mara nyingi ni mm 140, lakini zenye nguvu kubwa huzidi, na nyuma yake acha mm 70 hivi za nyaya kukunjika. Feni ya mm 120 ina unene wa mm 25, na huo unene ndio watu husahau kuliko kitu chochote. Kipoza cha mnara chenye feni ya mm 120 hufika mm 155 hadi 165 juu ya prosesa. ATX ilitoka mwaka 1995 na msingi wake haujahama, kwa hiyo usijitetee kwamba hukujua.

3. Mgongo. Hapa ndipo tunapozikana, nitakaa kidogo.

Mgeni hukata upande wa nyuma kwenye plaiwudi ileile ya mm 9 au 12 aliyotumia kwingine, kwa sababu ipo na kwa sababu itapendeza. Kuanzia hapo kila kitu kinagoma. Lile bati la soketi, jembamba lenye matundu ya soketi za nyuma za mazabodi, limetengenezwa libane kwenye ukuta wa unene wa karibu mm 1. Kwenye mbao nene halina pa kung'ata, linaning'inia. Waya wa mtandao unaingia vizuri, ila siku ya kuuchomoa kidole hakifiki kwenye kibanio. Kwenye kadi ya grafiki ni balaa zaidi: kichwa cha plastiki cha waya wa HDMI ni kinene kuliko soketi yenyewe, kinagota kwenye mbao kabla plagi haijafika mwisho, na picha inakuja na kuondoka. Mtu anabadilisha waya, anabadilisha skrini, anapakua draiva upya. Kisha anachukua patasi, anachimba mbao kwa ndani ibaki mm 2, na mbao inapasuka kwenye mstari wa nyuzi zake, kama inavyopaswa kupasuka.

Mgongo uwe wa bati. Aluminiamu ya mm 1 inatosha na msumeno wa mkono unaimudu. Mbao ibaki fremu inayozunguka bati hilo, na kwa nje hakuna atakayejua tofauti.

Tatizo la pili la mgongo halionekani kwa macho, na ndilo linalorudisha watu wengi mwanzo. Chukua kadi yoyote ya grafiki uitazame kwa ubavu. Bati lake lina ncha mbili. Juu limekunjwa kuwa sikio, hapo ndipo skrubu hupita. Chini lina ulimi mwembamba unaoshuka kupita usawa wa uso wa mazabodi na kuzama kwenye upenyo kati ya ukingo wa mazabodi na mgongo. Ukisukuma mazabodi ikagusana na mgongo, ulimi hauna pa kushukia. Kadi inasimama imeinuka kidogo upande wa nyuma, mbele imeingia, nyuma haijaingia, na wewe ukitazama kwa juu unaona imekaa.

Sikio nalo lina ugomvi wake. Linalalia ukingo uliokunjwa juu ya mgongo, na kimo cha ukingo huo ndicho kinachoamua kadi ishuke kiasi gani. Ukingo ukiwa juu kwa mm 1 tu, kadi haifiki chini ya sloti. Ukiwa chini kwa mm 1, skrubu ikikazwa inavuta sikio, kadi inageuka kama mzani na ncha ya mbele inanyanyuka. Dalili ni hii: mashine inawaka ikiwa imelazwa, ikisimamishwa skrini ni nyeusi. Au inawaka asubuhi, mchana haioni kadi. Hapo utaambiwa kadi imekufa, na kadi ni nzima.

Dawa yake ni kutopima kabisa kutoka kwenye karatasi. Funga mazabodi kwenye trei juu ya vijiguu vyake (vile vinguzo vidogo vya skrubu vinavyoiinua), ingiza kadi kwenye sloti hadi klipu ilie, iache isimame yenyewe. Sasa lete mgongo kwenye kadi, usilete kadi kwenye mgongo. Shikilia bati kwa klampu, chora chini ya sikio, chora pande mbili za bati la kadi, chora pembeni mwa bati la soketi likiwa limepachikwa kwenye soketi zake. Ondoa vyote. Kata ndani ya mstari kwa mm 1, malizia kwa tupa ukijaribisha kila baada ya mipigo michache. Tundu la bati la soketi liishie mm 158.75 kwa 44.45. Tundu la skrubu ya kadi lifanye la mviringo mrefu ili upate pa kusogeza.

Sloti za kadi zimeachana kwa mm 20.32. Mtu anaandika 20 kwa sababu 0.32 ni uchokozi. Kufika sloti ya saba amekosea 0.32 mara sita, karibu mm 2, na bati halipiti tena. Pima zote kutoka mstari mmoja, usipime sloti hadi sloti.

Na kama kuna kasha bovu limetupwa pembeni, yote haya unaweza kuyaruka. Toboa ribiti zake kwa biti ya mm 4 hadi vichwa vidondoke, chukua trei na mgongo vikiwa vimeshikana, jenga sanduku lako kuzunguka kipande hicho. Wakongwe wengi hufanya hivyo na hawasemi.

4. Karatasi ya kielelezo, yaani ile yenye alama za matundu ya mazabodi. Ukiichapisha, printa hupenda kuibana ienee kwenye ukurasa. Ikipunguza hadi asilimia 97, mm 305 zinakuwa chini ya 296. Weka rula kwenye karatasi kabla ya kutoboa hata tundu moja. Wengine huona bora walaze mazabodi yenyewe kifudifudi na kupitisha penseli kwenye matundu. Wanapata kielelezo kizuri sana kilichopinduka, na soketi zinatazama ndani ya sanduku. Njia salama ni kufunga vijiguu kwenye mazabodi kwanza, kupaka wino kidogo kwenye nyayo zake, kisha kuishusha wima juu ya karatasi iliyobandikwa kwenye trei. Inaacha alama zake yenyewe. Gonga senta panchi katikati ya kila alama, toboa kwa biti ya mm 2, kisha mm 3.2. Kijiguu chenye uzi wa M3 kinapita na unakifunga kwa nati nyuma, huhitaji tapu ya kukata uzi kwenye tundu.

Matundu ya mazabodi yana kipenyo cha karibu mm 4, kwa hiyo skrubu ya M3 ina nafasi ya kusamehe kosa la nusu milimita. Zaidi ya hapo usilazimishe. Mazabodi iliyovutwa kwa skrubu hupinda, na nyufa za risasi yake ya kulehemu huwezi kuziona.

5. Vijiguu viwe na kimo cha mm 6.35 au zaidi kidogo, vyote sawa. Hesabu matundu ya mazabodi, hesabu vijiguu, namba zilingane. Kijiguu cha ziada chini ya mahali pasipo na tundu kinagusa risasi za nyuma na hiyo ni shoti. Usiweke mpira au sponji badala yake. Joto la nyuma halipati pa kwenda, na siku unachomeka kadi mazabodi inadidimia.

Skrubu ni za aina mbili na zinafanana vya kutosha kukudanganya. M3 ni za SSD za inchi 2.5. Zile nene zenye uzi mpana, 6-32, ni za pawasaplai, kadi na diski za inchi 3.5. Vijiguu vinakuja kwa aina zote mbili, kwa hiyo jaribu skrubu kwa vidole kwanza. Ikigoma baada ya mzunguko mmoja, siyo yake. Tafadhali weka bisibisi chini.

6. Kukata bati jembamba kwa msumeno wa chuma: blade ya meno 32 kwa inchi, na bati ulibane katikati ya vipande viwili vya plaiwudi chakavu, ukate vyote pamoja. Bila hivyo meno yananasa, bati linatetemeka na kingo zinapinda. Kukunja epuka, tumia engo za aluminiamu za mm 15 kwa 15 na ribiti. Ukikunja, unene wa bati unakula vipimo vyako na pande mbili hazitakutana.

Tundu la feni ndilo linaogopesha wengi. Kwa duara la mm 115, toboa mkufu wa vitundu vya mm 3 ndani ya mstari, kila kimoja mm 4 kutoka mwenzake. Ni karibu vitundu 90, ndiyo, mkono utauma. Kisha kata vidaraja kwa patasi ya chuma, malizia kwa tupa nusu duara. Asiye na subira akate pembe nane ya mm 114 kutoka upande hadi upande; fremu ya feni inazificha kona na hewa haijali jiometri. Skrubu za feni ya mm 120 zimeachana mm 105, za mm 140 zimeachana mm 124.5.

Unga wa chuma ni adui. Usitoboe chochote mazabodi ikiwa ndani, hata tundu moja dogo, hata ukiifunika kwa kitambaa. Chembe za aluminiamu hazivutwi na sumaku, kwa hiyo huzipati tena. Osha trei na mgongo kwa maji na sabuni, vikauke, ndipo ufunge.

7. Swichi ya kuwashia ni ya kubonyeza na kuachia, aina ya kengele ya mlango. Kuna wanaochomoa swichi nzuri ya taa inayobaki imebonyea, mashine inawaka, inazima baada ya sekunde nne, na lawama zote zinamwendea pawasaplai. Mazabodi inaona kidole kilichokwama na inatii amri ya kuzima kwa nguvu. Waya za swichi hazina upande. Za taa ya LED zina.

8. Ethi, yaani njia ya umeme uliovuja kwenda ardhini. Kasha la chuma hupata ethi lenyewe kupitia skrubu za pawasaplai. La mbao halipati. Vuta waya wa mm² 1.5 wenye terminali ya pete kutoka kwenye skrubu ya pawasaplai hadi kwenye mgongo na hadi kwenye trei, ukwangue rangi pale unapofunga. Kisha, plagi ikiwa imechomolewa ukutani, pima kwa mita kutoka pini ya ethi ya plagi hadi kwenye trei: isizidi ohm 1. Na pawasaplai yenyewe usiifungue ili ikae vizuri zaidi, ndani mna kapasita zenye zaidi ya volti 300 hata ikiwa imechomolewa muda si mrefu.

9. Akriliki: toboa polepole, mbao chini, tepu juu, usikaze skrubu hadi ilie. Plaiwudi: tepu ya karatasi kwenye mstari wa kukata, uso mzuri utazame juu kwa msumeno wa mkono. Vanishi ikauke kabisa kabla ya feni kuanza kuvuta vumbi, la sivyo utakuwa na kasha lenye manyoya.

10. Washa mara ya kwanza kabla ya kupaka rangi. Iache ifanye kazi nzito kwa saa moja kuta zikiwa zimefungwa, uone joto, ndipo uamue kama feni moja ya mbele inatosha. Pawasaplai ikikaa chini na feni yake ikitazama sakafu, toboa sakafu hiyo na uweke miguu ya mpira ya mm 15 au zaidi. Kama miguu huna, igeuze feni itazame juu, ndani ya kasha, na uache mm 30 hivi juu yake bila waya wowote.