Aliyeachwa nje ya studio

Swali la wiki hii lilitaka tutaje bendi iliyovunjika ingali inapendwa, na tueleze ni nini hasa kilichoivunja. Jibu langu ni Blink-182 ya Marekani, na kwa maoni yangu kilichoivunja mwaka 2005 si fedha, bali ni mmoja wao kuachwa nje ya kazi ambayo wenziwe wawili waliifanya bila yeye.

Bendi hiyo ya panki, yaani roki ya kasi na kelele, yenye ladha ya pop ilianza mwaka 1992 huko Poway, karibu na San Diego, California, baada ya dada yake Mark Hoppus, mpiga besi, kumkutanisha kaka yake na Tom DeLonge, mpiga gitaa. Mwaka 1998 Travis Barker alichukua nafasi ya mpiga dramu wa awali, na albamu yao ya mwaka uliofuata, iliyosimamiwa na mtayarishaji Jerry Finn, ikauzwa kwa mamilioni ya nakala. Ile ya mwaka 2001 iliingia chati ya Billboard, orodha ya albamu zinazouzwa zaidi Marekani, moja kwa moja katika nafasi ya kwanza.

Wakati huo DeLonge alikuwa na nyimbo nzito zaidi, akaamua kuzirekodi pembeni kwa jina la Box Car Racer. Alimwita Barker apige dramu, na gitaa la pili akampa David Kennedy; Hoppus hakuitwa kujiunga nao. DeLonge alieleza baadaye kwamba hakutaka kumlipa mpiga dramu wa kukodi, na mimi namwamini, lakini maelezo hayo hayawezi kumtuliza aliyeachwa. Katika bendi ya watu watatu, wawili wakishaingia studio peke yao, wa tatu hana hata mtu wa kumpelekea malalamiko yake.

Inaniuma kwamba baada ya ufa huo ndipo walipotoa kazi yao bora kabisa, albamu ya mwaka 2003. Sikilizeni wimbo wa “I Miss You”: Barker anapiga kwa brashi badala ya vijiti, Hoppus anaanza kwa sauti ya chini, DeLonge anapokea kwa sauti yake ya puani, na ubeti wa kila mmoja aliuandika mwenyewe. Mimi nasikia humo watu wawili wanaohitajiana ambao hawajayamaliza yao.

Onyesho lao la mwisho kabla ya kuvunjika lilifanyika Dublin, Ireland, Desemba 2004. DeLonge alikuwa akitaka muda wa kukaa na familia yake, jambo ambalo simlaumu nalo, na Februari 2005 likatangazwa pumziko lisilo na kikomo. Kisha akaunda bendi ya Angels & Airwaves, na mpiga gitaa akawa Kennedy yule yule, huku Hoppus na Barker wakianzisha bendi yao, +44.

Septemba 2008 ndege iliyombeba Barker ilipata ajali South Carolina, Marekani. Watu wanne walifariki, naye akaungua vibaya. Ajali hiyo ndiyo iliyowafanya watatu hao wazungumze tena. Hoppus na Barker walitengana na DeLonge kwa mara ya pili mwaka 2015, lakini mimi nabaki na usiku wa tuzo za Grammy wa Februari 2009, walipopanda jukwaani wote watatu, na Barker, yule aliyekuwa amelazwa hospitalini miezi michache nyuma, ndiye aliyetangaza kwamba watapiga muziki pamoja tena.