Kichwa chini, miguu juu

Mwanangu Zuhura,

Salaam zako zimefika, na swali lako limenichekesha. Yaani Stealth, ile treni ya burudani inayorushwa relini hadi kupita kilomita 120 kwa saa, uliipanda bila shida, ila mwenzake Colossus, isiyofika hata 80, inakunyima usingizi kwa kuwa inapindua watu mara 10! Na Jumamosi wenzako wa kazini wanakurudisha hukohuko Thorpe Park, bustani ya michezo ya Uingereza. Unauliza kwa nini watu hawaanguki, na ufanye nini usiogope.

Nianze na kuanguka, maana fizikia ndiyo iliyonipa pensheni. Treni ikiingia kwa kasi kwenye kitanzi, yaani reli inayopanda, ikapinduka na kushuka tena, mwili wako unataka kwenda mbele moja kwa moja, reli inaukatalia na kuupinda kuelekea ndani. Kwa hiyo hata kule juu kabisa, kiti ndicho kinachokusukuma, nawe unajihisi umekandamizwa kitini. Wanafunzi wangu waliamini hilo siku nilipozungusha ndoo ya maji juu ya vichwa vyao bila tone kumwagika.

Walioumizwa na vitanzi ni wa zamani. Mwaka 1895 kule Coney Island, New York, kulikuwa na Flip Flap, kitanzi cha duara kamili, na abiria walishuka na maumivu ya shingo. Duara linaikunja treni ghafla pale chini, ikiwa na kasi yake yote. Mjerumani Werner Stengel akapiga hesabu ya kitanzi chenye umbo la tone, kipana chini na chembamba juu, nacho kikafunguliwa California mwaka 1976 kwenye treni ya burudani iitwayo Great American Revolution. Chini unapindwa kwa upole. Juu, kasi ikishapungua, mkunjo mkali ndio unaokubakiza kitini. Magurudumu nayo yanaishika reli kwa juu, ubavuni na chini, kwa hiyo treni haina pa kuchomokea.

Ila sitakudanganya. Colossus nimeitazama kwenye video. Kitanzi kinakuja mwanzoni na kupita kabla hujamaliza kupiga kelele. Kitakachokusumbua kiko mwishoni: treni inajiviringisha mara nne mfululizo, polepole. Hapo kasi haitoshi kukukandamiza. Utaning'inia kwelikweli kwenye vizuizi vya mabega, na mwili utakwambia unaanguka. Huanguki, ni uzito wako umelalia mabega. Ukifika mahali hapo ujue ndipo penyewe, upige kelele upendavyo.

Egemeza kichwa kwenye kiti, fumbua macho, tazama reli inakoelekea. Ukiyafumba, sikio linasema unazunguka na macho hayana la kuthibitisha, ndipo kichefuchefu kinapoanza. Omba kiti cha mbele, uone kinachokuja. Na kama foleni ni ndefu, piga soga, usisimame ukihesabu wanaopinduka. Hofu nyingi inapikwa palepale. Ukitaka kuanza kidogo, ipande kwanza Nemesis Inferno, treni nyingine ya hapohapo, inapindua mara 4 tu, ingawa miguu inaning'inia hewani. Biriani iwe ya baadaye.

Kama shingo au mgongo unakusumbua, usipande kabisa. Na hata ukiwa mzima, ukifika mlangoni moyo ukakataa, toka uwashikie wenzako mikoba. Hukukata tiketi ya kuteswa.

Baba yako anataka umpigie ukishashuka. Mimi nasema mpigie kabla, maana ameshaanza kuuliza habari za bima.

Mama yako