Saa ya laptopu inapotea kila mara: angalia kwanza imepotea kiasi gani

Mkuu, umesema kila ukiirekebisha saa kwa mkono inapotea tena, tovuti zinagoma kufunguka, na unataka laptopu ijirekebishe yenyewe kwa intaneti. Inawezekana, na huhitaji programu mpya. Nimeshughulikia kompyuta nyingi zenye tatizo hili, na jambo la kwanza ninalotazama ni ukubwa wa kosa. Huo ndio unaoonyesha ugonjwa uko wapi.

Sekunde au dakika chache ni kawaida. Saa ya ndani inategemea kipande cha kwazi (quartz) kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, na joto huiyumbisha mitetemo hiyo. Kosa la sehemu 20 tu katika milioni linakula karibu sekunde 1.7 kwa siku. Dawa yake ni NTP, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kusawazisha saa kupitia mtandao, ya David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, inayotumika tangu 1985. Laptopu inaiuliza saa seva, yaani kompyuta ya mtandaoni yenye saa sahihi, inapima ujumbe umechukua muda gani kwenda na kurudi, kisha inaufidia muda huo. Ndiyo maana hata intaneti ya kusuasua inaleta saa nzuri tu.

Kwenye Windows, ingia mipangilio ya tarehe na saa, washa kuweka saa kiotomatiki, halafu bonyeza kitufe cha kusawazisha sasa. Kikigoma, fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi uandike net start w32time, kisha w32tm /resync. Kwenye Linux nyingi inatosha kuandika amri timedatectl set-ntp true.

Sasa hapa ndipo wengi wanakwama. Laptopu ikiwaka na tarehe ya miaka iliyopita, Windows ya nyumbani inaweza kukataa kabisa kusawazisha, kwa sababu kwa kawaida haikubali kusahihisha kosa linalozidi saa 15. Weka tarehe kwa mkono kwanza, hata kwa kukadiria, ndipo usawazishe. Na tovuti zinagoma kwa sababu vyeti vyao vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha; kwa laptopu iliyorudi nyuma miaka mitano, cheti cha leo bado hakijaanza kazi. Tafadhali usizoee kulipita onyo hilo, rekebisha saa. Tarehe ikirudi nyuma kila ukizima, betri ndogo ya saa imekufa. Kwenye mashine nyingi ni CR2032 ya volti 3, ingawa baadhi ya laptopu hazina betri hiyo kabisa, zinategemea betri kubwa.

Kosa likiwa la saa kamili, mbili au tatu bila dakika za ziada, hapo ni ukanda wa saa. Urekebishe, usiguse kitu kingine. Kama una Windows na Linux kwenye mashine moja, zinavutana: Windows inaandika saa ya mahali ulipo kwenye saa ya ndani, Linux inaandika UTC, saa ya pamoja ya dunia nzima. Mimi napendelea kuifanya Windows isome UTC, kwa kuweka thamani iitwayo RealTimeIsUniversal kuwa 1 kwenye rejista yake (registry, hifadhi ya mipangilio ya Windows), kwa sababu UTC haibadiliki na majira.

Yote yakishindikana, unganisha intaneti ya simu ujaribu tena. Mitandao mingi ya ofisi na vyuo hufunga mlango wa UDP 123, yaani njia ya mtandao ambayo NTP hupitia. Ikikubali kwa simu, zungumza na msimamizi wa mtandao wako. Laptopu haina kosa.