Maswali na Majibu: Chuma Kilichotoka Barabarani

SWALI: Ndugu wataalamu, nilipeleka majani ya kahawa maabara yapimwe madini. Cheti kimerudi na chuma miligramu 620 kwa kilo, shaba 140, potasiamu asilimia 1.1 tu. Shamba liko kando ya barabara ya vumbi, na wiki mbili kabla ya kuchuma nilipulizia mrututu (dawa ya shaba). Niliyaanika siku tatu, nikaona yana vumbi, nikayaloweka usiku kucha na kuyaanika tena. Ninunue mbolea ya potasiamu?
Mkulima, Mbozi

JIBU: Usinunue kitu kwa cheti hicho. Maabara imepima ilicholetewa, nacho hakikuwa jani peke yake.

Udongo mwekundu unaweza kuwa na chuma asilimia 5, yaani miligramu 50,000 kwa kilo. Gramu moja ya vumbi katika gramu 100 za majani makavu inaongeza miligramu 500 kwa kilo. Ziondoe kwenye 620, inabaki 120, kiwango cha kawaida kabisa kwa kahawa. Shaba ni mrututu wako, nao hung'ang'ania jani hata likioshwa. Dawa yake ni kuchuma kabla ya kupulizia, la sivyo safu ya shaba kwenye cheti uiruke tu.

Potasiamu uliimwaga mwenyewe. Ndani ya jani haijafungwa na kitu, imeyeyuka kwenye maji ya seli. Jani bichi huizuia. Likishakauka ukaliloweka, hutoka kama rangi ya chai.

Safari ijayo chuma jozi ya majani ya tatu au ya nne kutoka ncha ya tawi lenye matunda, katikati ya kimo cha mti. Majani manne kwa mti, moja kila upande, miti 25. Yaweke kwenye mfuko wa karatasi. Kwenye plastiki hutoa jasho na kuoza, na mfuko uliowahi kubeba mbolea utaharibu kila namba. Siku hiyohiyo, yakiwa mabichi, yafute kwa pamba iliyolowa, yachovye kwenye maji ya betri (yale safi, si asidi yake) kwa sekunde zisizozidi 30, suuza, kausha kwa karatasi safi. Sabuni ya unga iache, inaweza kuwa na fosfati (chumvi ya fosforasi), na fosforasi kwenye cheti itapanda bure.

Kuanika juani hakufai. Jani linalokauka polepole huendelea kupumua na kula sukari yake, uzito unapungua, madini yanaonekana mengi. Linahitaji oveni ya nyuzi 65 hadi 70 kwa saa 48. Kama huna, yafikishe maabara mabichi siku hiyohiyo. Waulize pia kinu chao: cha chuma huacha chuma kwenye unga, na chekeche la shaba nyeupe (mchanganyiko wa shaba na zinki) huacha shaba na zinki.

SWALI: Nimechoma unga wa majani kwa nyuzi 500, saa nne, ili nipime madini kwenye majivu. Majivu bado yana madoa meusi. Nipandishe hadi 700?
Mwanafunzi wa maabara, Morogoro

JIBU: Hapana. Kwa joto hilo potasiamu huanza kupotea, na zinki huweza kushikana na silika (madini kama ya mchanga) au na bakuli lenyewe. Acha lipoe, lowesha majivu kwa matone machache ya asidi ya naitriki, kausha taratibu kwenye kabati la kutolea mvuke, rudisha kwenye nyuzi 450 kwa saa moja. Mara nyingi kosa ni kujaza bakuli kupita theluthi, hewa ikakosa njia. Naitrojeni na salfa usizitafute kwenye majivu hayo. Ya kwanza imeshapaa, ya pili imepungua.